Mafuriko ya 1953: maji yalifika kabla ya habari

Najua nimepotea. Nimehamishiwa zamu za usiku, ukitoka asubuhi ni kulala tu, ukiamka giza limeshaingia tena (walioko Ulaya mwezi Januari wananielewa). Lakini kila mwaka ikifika tarehe 31 Januari nakumbuka kwamba nina deni la kuandika habari hii, na kila mwaka naiahirisha. Leo nimekaa chini naiandika yote. Ni ndefu, kwa hiyo tafuta chai.

Wasomaji wa zamani mnajua kwamba kazi yangu ni kutunza wazee, katika nyumba moja ya wazee hapa Essex, upande ambao mto Thames unaingia baharini. Kwenye dirisha la ghorofa ya juu unaona maji ya rangi ya kahawia, meli za makontena zikipita, na kisiwa kimoja kilicholala chini kama mkeka. Kinaitwa Canvey. Mimi ni mtu wa Tanga, bahari sikuja kuionea huku, lakini ilinichukua miaka kuelewa kwamba kisiwa kile kiko chini ya maji. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Bamvua likija, bahari ya nje inakuwa juu kuliko sakafu za nyumba za ndani. Kinachowatenganisha watu na bahari ni ukuta, basi.

Tulikuwa na bibi mmoja, sasa ametutoka, ambaye alikulia Canvey. Alikuwa na jambo moja lililotuchosha sisi wafanyakazi: hakubali kulala chumba cha chini. Kila meneja mpya akija anataka kumshusha kwa sababu ya magoti yake, na kila mara inakuwa vita. Tukasema ni ukaidi wa uzee. Usiku mmoja wa upepo mkali alipiga kengele, nikaenda. Hakutaka dawa wala maji ya kunywa. Akaniuliza, "Mwanangu, leo maji yanajaa saa ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyefeli. "Na wewe unasema umezaliwa pwani?"

Kwa kweli niliona aibu. Kwetu mtoto wa miaka sita anajua maji yanajaa saa ngapi. Nikaketi kando ya kitanda chake, na usiku ule ndipo nilipoanza kusikia habari za 1953. Baadaye nikaenda maktaba kusoma. Kuna kitabu kikubwa sana kuhusu mafuriko ya Essex, The Great Tide, kilichoandikwa na mtunza nyaraka wa mkoa huu, Hilda Grieve, kikatoka mwaka 1959. Kina kurasa karibu 900. Nilikisoma kwenye basi na kwenye mapumziko ya zamu, miezi kadhaa.

Haya, tuingie. Mwishoni mwa Januari 1953 dhoruba ilizaliwa kusini mwa Iceland, ikapita juu ya Scotland, halafu ikageuka kuingia Bahari ya Kaskazini. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 31 upepo ulikuwa umeshaanza kuua. Meli ya abiria iliyoitwa Princess Victoria, iliyokuwa ikitoka Stranraer kwenda Larne kule Ireland ya Kaskazini, ilizama na watu 133. Hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyepona. Hiyo ilikuwa mchana, upande wa magharibi. Upande wa mashariki bahari ilikuwa bado haijasema kitu.

Sasa itazame ramani. Bahari ya Kaskazini ina umbo la ile faneli ya kumiminia mafuta ya taa: juu pana, chini nyembamba, na kadiri unavyoshuka kusini kina kinapungua. Upepo wa kaskazini ukisukuma maji kwa siku nzima kuelekea kusini, maji hayana pa kwenda, yanapanda. Na usiku ule ulikuwa wa bamvua. Kwa hiyo juu ya maji makuu ya kawaida yaliongezeka maji mengine, zaidi ya mita 2 katika sehemu nyingi. Yalikuwa yakishuka na pwani kama mtu anayetembea, mji baada ya mji.

Hapo kwenye kutembea ndipo nataka tukae kidogo.

Saa moja jioni maji yalivunja kuta za Lincolnshire, kwenye miji ya likizo ya Mablethorpe na Sutton-on-Sea. Kama saa moja na nusu yalikuwa Norfolk. Treni iliyotoka Hunstanton kwenda King's Lynn ilikutana gizani na nyumba nzima ya mbao ikielea juu ya reli, ikagongana nayo. Hebu fikiria wewe ndiye dereva. Saa moja na nusu jioni, umegonga nyumba. Katika barabara ya ufukweni pale Hunstanton, kwenye nyumba za chini za mbao, walikuwa wanaishi pia Wamarekani wa kambi ya jeshi la anga pamoja na wake na watoto wao, na walikufa pamoja na wenyeji. Askari mmoja kijana, Reis Leming, ambaye hakujua kuogelea, alisukuma boti ya mpira ndani ya maji yale kwa kutembea na akatoa watu 27. Walimpa nishani ya George Medal. Nawaambia wanangu habari hiyo mara kwa mara, ingawa wao wanauliza kwa nini jeshi lilimwajiri mtu asiyejua kuogelea.

Karibu saa sita usiku maji yalikuwa Felixstowe. Pale wakafa watu wapatao 40, wengi wao katika mtaa wa zile nyumba za kuunganisha walizopewa watu baada ya vita. Nyumba zilinyanyuka kwenye misingi zikaelea na watu ndani. Karibu saa saba usiku maji yalipanda juu ya ukuta wa Canvey.

Kutoka saa moja jioni hadi saa saba usiku ni masaa sita. Basi la nyumbani, hata lile bovu, linatoka Dar na kufika Tanga kwa masaa sita. Ndani ya masaa hayo polisi wa Lincolnshire walijua, polisi wa Norfolk walijua, dereva wa treni alijua. Canvey walikuwa wamelala. Ilikuwa usiku wa Jumamosi, baridi, watu wametoka kunywa au kucheza dansi, wamezima taa.

Nilipofika sehemu hii ya kitabu nilikasirika, nikatafuta wa kumlaumu. Unatarajia kukuta mtu mmoja mzembe aliyelala kazini. Hakuna. Simu nyingi za kaskazini zilikuwa zimekatwa na upepo, na zile zilizofanya kazi zilikuwa zinatumiwa na watu wanaookoa watu wao. Kila mkoa ulikuwa unazama kivyake. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetabiri upepo mkali, lakini upepo mkali ni jambo moja na maji sebuleni ni jambo lingine. Bodi za mito zilikuwa na kazi ya kutunza kuta. Polisi walikuwa na kazi ya kulinda watu wa mkoa wao. Kumpigia simu mwenzako wa kusini na kumwambia "yanakuja kwako, amsha watu" haikuwa kazi ya mtu yeyote. Haikuandikwa popote.

Turudi Canvey. Ukuta wa kwanza kuzunguka kisiwa ulijengwa na Waholanzi miaka ya 1620, waliokuja na ufundi wao wa kuifukuza bahari wakalipwa kwa kupewa sehemu ya ardhi. Hadi leo kuna vijumba vyao viwili vya pembe nane. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanja viliuzwa kwa bei ya chini kwa watu wa mashariki ya London, wale wa bandarini na viwandani, ili wajenge vibanda vya likizo. Wengine wakahamia moja kwa moja, hasa waliovunjiwa nyumba na mabomu ya Hitler na wastaafu waliotaka hewa safi kwa pesa kidogo. Nyumba zenyewe ni za mbao, hazina ghorofa. Maji yakiingia hakuna pa kupanda isipokuwa kabati na dari.

Sehemu iliyoumia zaidi ni mtaa wa Newlands, upande wa kaskazini mashariki. Wenyewe waliiita ile ardhi Sunken Marsh, yaani bwawa lililozama, jina ambalo lilitosha kuwa onyo. Lilikuwa limefungwa na ukuta huku na ukuta huku, mfano wa sufuria. Na ukuta wa nyuma, unaotazama vijito vya bara, ulikuwa dhaifu kuliko ule wa mbele unaotazama Thames. Watu walikuwa wakiitazama bahari, maji yakaja kwa mlango wa uani. Sufuria ikajaa kwa dakika chache.

Bibi alikuwa na miaka tisa. Alinisimulia kwamba kabla maji hayajafika mtu aligonga mlango wao kwa nguvu na kupiga kelele. Baba yake akaamka, akachungulia dirishani, akaona giza, akasema ni mlevi wa Jumamosi, akarudi kitandani. Muda mfupi baadaye wakasikia mlio chini ya sakafu kama mtu anayekunywa uji. Baba akawapandisha watoto juu ya kabati la nguo, yeye na mama wakasimama juu ya meza, maji kifuani, hadi kunapambazuka. Bibi hakuwa akilia anaposimulia. Alilia mara moja tu, alipofika kwa majirani zao wa mkono wa kushoto, mzee na mkewe. Alisema usiku walikuwa wakiitana nao kupitia ukuta wa mbao. "Uko salama?" "Niko salama." Halafu ikawa anaitika mzee peke yake. Halafu kimya.

Walikufa watu 58 kwenye kisiwa kile. Wengi walikuwa wazee. Na wengi hawakufa kwa kuzama. Walikufa kwa baridi, na nguo za kulalia mwilini, wamesimama kwenye maji ya mwezi Januari wakisubiri mashua. Katika Uingereza yote walikufa nchi kavu watu 307.

Nilimuuliza bibi, yule aliyegonga mlango alikuwa nani? Alisema hawakujua kamwe. Baadaye nikasoma kwamba wafanyakazi wa bodi ya mto pale Canvey, walipoona maji yanapita juu ya ukuta, walikimbia na wengine kugonga milango. Walifanya walichoweza kwa miguu, gizani, kwenye mtaa wenye mamia ya nyumba. Lakini baba yake bibi hakuwahi kuambiwa, hata siku moja katika maisha yake kisiwani, kwamba mlango ukigongwa usiku maana yake ni maji. Angejuaje?

Ng'ambo ya bahari ilikuwa mbaya zaidi. Uholanzi walikufa watu 1,836, wengi katika visiwa vya Zeeland. Na wale ni Waholanzi, mafundi wa kuta waliotujengea Canvey! Walikuwa na idara ya kutoa tahadhari ya maji, na tahadhari ilitolewa, lakini vijiji vingi havikuipata, na redio ilifunga matangazo saa sita usiku kama ilivyozoea. Mhandisi wao mmoja, Johan van Veen, alikuwa amesema tangu miaka ya 1930 kwamba matuta ni mafupi mno. Vita vikaja, pesa hakuna, ikabaki kwenye makaratasi. Simu zilipokatika, waliotoa habari visiwani ni vijana wenye mitambo ya redio ya kujitengenezea nyumbani. Pengo la mwisho kwenye tuta, pale Ouwerkerk, lilizibwa Novemba 1953 kwa masanduku makubwa ya zege yaliyobaki kutoka bandari za muda za vita vya Normandy. Masanduku hayo manne sasa ni makumbusho, unaingia ndani. Nilikwenda na wanangu. Mdogo aliuliza kwa nini kuna giza.

Sasa ndugu msomaji, kabla hujasema hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani, niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa.

Tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili, nilikuwa zamu ya asubuhi. Televisheni ya sebule ya wazee ilikuwa ikionyesha habari za tetemeko kubwa na mawimbi kule Indonesia, Thailand, Sri Lanka. Kwenye saa tatu asubuhi yetu, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa sita mchana, nilichukua ile kadi ya simu ya pauni 5 nikapiga nyumbani kuwatakia sikukuu njema. Mama akaniambia mdogo wangu wa Dar amewachukua watoto kwenda ufukweni kuogelea. Nikasema vizuri. Tukazungumza kuhusu wale maskini wa Asia, mama akasema Mungu awarehemu, nikasema amina. Kadi ikaisha.

Bahari ilikuwa bado inakuja. Tetemeko lilipiga karibu saa kumi alfajiri ya kwetu nyumbani. Mawimbi yalichukua masaa saba na zaidi kuvuka Bahari ya Hindi hadi Somalia, ambako yaliua watu karibu 300, hasa upande wa Hafun. Kenya ilipata habari mapema, polisi wakawatoa watu kwenye fukwe, akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wapatao kumi, wengi walikuwa wakiogelea. Mdogo wangu alinipigia jioni. Alisema maji yalikwenda mbali ghafla, watoto wakafurahi wakakimbilia samaki na makombe, kisha yakarudi kwa nguvu ya ajabu. Aliwakamata wawili, mtu asiyemjua akamkamata wa tatu. Walipoteza viatu na nguo. Wengine waliokuwa pale walipoteza watu.

Nilikuwa nayo habari. Niliiona kwa macho kwenye televisheni, nikashika simu, nikazungumza na mtu wa pwani ya bahari ile ile, na haikunijia kusema "mpigie, waambie watoke majini". Kwangu mimi Asia ilikuwa habari. Haikuwa onyo. Ndiyo maana siku bibi aliponiuliza maji yanajaa saa ngapi niliona aibu mara mbili, na ya pili sikumwambia.

Haya. Baada ya maji ya 1953 kulifanyika nini?

Canvey ilihamwa karibu yote, watu wapatao 13,000, kupitia daraja moja tu lililokuwapo. Walipokelewa kwanza katika shule ya South Benfleet, ng'ambo ya daraja, ambako akina mama wa kujitolea waligawa chai, mablanketi na nguo kavu. Bibi alikumbuka alipewa koti la mvulana akakataa kulivaa hadi mama yake alipomchapa. Askari, wafungwa, wanafunzi na watu wa mitaani walijaza magunia ya mchanga usiku na mchana. Haraka hiyo ilikuwa na sababu ambayo mtu wa pwani ataielewa: bamvua lingine lilikuwa linakuja katikati ya Februari. Mapengo makubwa yalizibwa kabla halijafika.

Jeshi la anga lilileta mashine za kupulizia hewa ya moto, zile za kupashia ndege, wakaingiza mabomba madirishani kukausha nyumba. Meya wa London akafungua mfuko wa msaada, zikamiminika pesa na nguo hata kutoka nje ya nchi. Kwenye mashamba ya Essex kazi ilikuwa ndefu zaidi, maana chumvi inaharibu udongo wa mfinyanzi, unakuwa kama saruji. Wakulima walishauriwa wasiharakishe kulima, wamwage jasi na kusubiri mvua isafishe. Mwenye haraka aliharibu shamba lake mwenyewe. Hayo yote yalifanyika vizuri na nawapa heshima yao. Ila kuhusu watu wenyewe, watoto waliosimama juu ya makabati usiku kucha, hakuna aliyewauliza kitu. Jumatatu shule. Bibi alisema baba yake hakuzungumzia usiku ule hadi anakufa, na alikuwa akiamka kila upepo ukivuma kwenda kusikiliza sakafu.

Serikali iliunda kamati chini ya Viscount Waverley. Kabla ya kuta na milango, jambo walilosema mapema kabisa ni kwamba pawe na huduma ya kutoa tahadhari ya maji kwa pwani yote ya mashariki. Ikaanza mwaka huo huo wa 1953. Mtu anapima maji kaskazini, anapiga hesabu, anawaambia wa kusini, na polisi wa kusini wanajua la kufanya. Ile kazi ambayo haikuwa ya mtu sasa ikawa na mwenyewe. Haikuhitaji zege.

Zege nalo likaja, polepole kidogo. Sheria ya kujenga lile lango kubwa la kuzuia maji mtoni Thames ilipitishwa 1972, lango likaanza kazi 1982, na Malkia Elizabeth akalifungua rasmi Mei 1984. Limeshafungwa zaidi ya mara 200. Watalii wanalipiga picha. Lakini tazama ramani tena: liko London. Canvey iko nje yake, upande wa baharini. Kwa hiyo Canvey wao walijengewa ukuta mrefu wa zege kuzunguka kisiwa, mrefu kiasi kwamba ukiwa barabarani huioni bahari kabisa. Siku ya kwanza kwenda kule nilitembea nusu saa nikitafuta bahari, kumbe iko juu ya kichwa changu upande wa pili. Na Waholanzi wakajenga kazi zao za Delta, miaka zaidi ya arobaini ya kujenga.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 5 Desemba 2013. Dhoruba ya aina ile ile, bamvua, upepo wa kaskazini. Sehemu kadhaa maji yalifika juu kuliko 1953, kama Hull. Safari hii tahadhari zilitolewa siku moja hadi mbili kabla. Maelfu ya nyumba ziliambiwa zihame. Nyumba zipatazo 2,800 ziliingia maji, na kule Hemsby nyumba kadhaa zilianguka baharini zima zima. Siku ile walikufa watu wawili, mmoja Scotland na mmoja Nottinghamshire, na wote ni upepo ulioua. Linganisha na 307.

Polisi walipita mlango kwa mlango Jaywick, hapa hapa Essex. Jaywick ni ndugu wa Canvey: vibanda vya likizo vya miaka ya 1930 vilivyogeuka makazi ya kudumu ya watu wasio na pa kwenda. Mwaka 1953 walikufa pale zaidi ya watu 30. Orodha rasmi za umaskini za mwaka 2010, 2015 na 2019 zote ziliutaja mtaa mmoja wa Jaywick kuwa wa kwanza kwa umaskini katika England nzima. Maji yamepata onyo, lakini wanaolala njiani mwa maji ni wale wale. Mwenye pesa hanunui nyumba pale. Na usiku ule wa 2013 wapo waliokataa kutoka, kwa sababu wana mbwa, hawana gari, wanaogopa wezi, au mama mgonjwa hawezi kubebwa. Siwalaumu. Mtu akiniambia niondoke na wazee 30 usiku, nitauliza maswali hayo hayo.

Nyumbani nako mambo yamesogea, nisiwanyime sifa. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na kuingia Mafia, idara ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza siku kadhaa kabla, na boti za Dar na Unguja zilisimama. Mdogo wangu ndiye aliyenitumia mimi ujumbe safari hii. "Dada, tumeambiwa tusiende baharini, watoto wako ndani." Watoto wenyewe siku hizi wana ndevu.

Na huku kuna ile tahadhari ya dharura inayokuja kwenye simu zote. Waliijaribu nchi nzima Jumapili tarehe 23 Aprili 2023, saa tisa alasiri, na tena Septemba 2025. Mara ile ya kwanza nilikuwa zamu. Simu yangu ilipiga ukelele kama mbuzi anachinjwa, na ya mpishi, na ya mwenzangu. Simu nyingine hazikulia kabisa. Nikawatazama wazee wetu sebuleni. Wengi hawana simu, wachache wana zile za vitufe vikubwa za kupigia watoto wao, na mmoja alikuwa ametoa vifaa vyake vya masikio. Waliendelea na chai. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza, "Ni maji?" Nikamwambia ni majaribio tu. Akasema, "Sasa nani atatuamsha sisi?"

Usiku tuko wafanyakazi wawili. Ukitoa meneja aliyelala kwake maili nane, ni sisi wawili kwa wazee 30.

Wiki ile mimi na mwenzangu, Mfilipino ambaye vimbunga anavijua kuliko sisi sote, tulikaa baada ya zamu tukaandika karatasi. Nani yuko chumba gani, nani anatembea, nani anabebwa, nani anaanza kupandishwa ghorofani. Tukaongeza nyakati za maji kujaa za mwezi mzima. Meneja alidhani tunajipa kazi, sasa ameiwekea plastiki. Imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni na tunaibadilisha kila anapoingia mzee mpya au anapotutoka mmoja. Jana nilifuta jina la bibi kwenye chumba namba 14, ghorofa ya juu, nikaandika la mzee aliyekuja Jumatatu. Pembeni yake nimeandika: hasikii, usigonge, ingia umguse bega.